Je, Bwana Msa Hana Ruhusa ya Kukosea?
Wasomaji wa vitabu vya mitumba hapa Mchafukoge na Kariakoo wamegawanyika juu ya riwaya ya M.S. Abdulla, Kosa la Bwana Msa (1984). Wapo wanaonung'unika: hivi Msa gani huyu wa kukosea? Hao walimzoea yule wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), mwenye kiko chake, anayefumbua mafumbo huku Najum akibaki kushangaa. Wengine tunaona kichwa chenyewe ni ushujaa wa mwandishi, kwani mpelelezi asiyekosea kamwe hawezi kututia wasiwasi tena. Mfululizo hujengwa juu ya mazoea, lakini riwaya hudai mabadiliko. Ubishi huu, basi, si wa fasihi pendwa tu. Ni wa uhakiki pia.