Kazi ya Sindano Ikipigwa Chapa

Leo hatutaanza na ubao. Mama mmoja katika darasa lenu na aitandaze kanga yake juu ya meza, au juu ya mkeka kama meza hakuna, na wengine waizunguke. Mwalimu wa darasa asiseme neno kwanza.

Itazameni. Ukingo unaozunguka pande zote nne huitwa pindo. Sehemu ya katikati huitwa mji. Na yale maandishi yaliyo upande wa chini, ambayo sasa mnaweza kuyasoma wenyewe bila kumwita mtoto wa shule, huitwa jina. Zamani ulipokwenda dukani ilikubidi umwulize mwenye duka, "Kanga hii inasemaje?" Pengine alikuambia kweli, pengine alikuambia lolote ili ununue. Leo unaisoma mwenyewe.

Sasa tafuteni jina la pili. Tafuteni jina la mtu aliyeichora. Labda mtaona jina la kiwanda, au la mfanya biashara. Kwa mfano, kanga nyingi za Mombasa zina maneno "Mali ya Abdulla", nayo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Lakini yule aliyeketi akafikiri maua yakae wapi na rangi ipi ifuate ipi, jina lake hamtalikuta. Basi kanga ina jina, na aliyeibuni hana. Hilo ndilo jambo la somo letu: furaha ya mtu kuona kazi ya mkono wake imepigwa chapa na kuwafikia watu asiowajua, na kwa nini yafaa jina lake lisafiri pamoja nayo.

Watu wengi hudhani kanga ilianzia kiwandani. Sivyo, ilianzia katika sindano. Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara walileta Unguja na Mombasa vitambaa vya mraba vya rangi, vilivyopigwa chapa Ulaya. Vilikuwa vitambaa vya mkononi, na jina lake, leso, limetoka katika neno la Kireno. Vilikuja katika jora, vimefuatana, havijakatwa kimoja kimoja. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani waliona jambo ambalo wenye viwanda hawakuliona. Badala ya kununua leso moja moja, walinunua sita zikiwa bado zimeungana. Wakazikata katikati, zikawa vipande viwili vya leso tatu tatu. Kisha wakavishona ubavu kwa ubavu, ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga na kujitanda. Wengine hawakuridhika na leso za namna moja. Walichanganya hii na ile, kila mtu kwa kadiri ya macho yake, hata nguo ya mwanamke huyu isifanane na ya jirani yake.

Wenye maduka nao wana macho. Walipoona nguo zile zinapendwa, waliagiza nguo nzima yenye sura ile ile, imepigwa chapa mara moja, haina haja ya kuungwa. Baadhi ya zile za kwanza zilikuwa na madoadoa meupe juu ya rangi nyeusi, mfano wa ndege kanga, na ndiyo sababu ya jina. Kufikia mwisho wa karne ile viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilikuwa vikizitengeneza kwa wingi kwa ajili ya soko letu. Baadaye zikaja za India na za Japani, na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam.

Fikiri sasa juu ya mmoja wa wanawake wale. Asubuhi moja amekwenda dukani, akaona imetundikwa nguo kama ile aliyoishona nyumbani kwake, lakini haina mshono. Bila shaka alifurahi. Wazo lililotoka katika kichwa chake na vidole vyake limekwenda Ulaya likarudi kwa meli! Lakini nadhani pia alisimama kidogo mlangoni, akajiuliza kwa nini sasa anauziwa wazo lake mwenyewe. Maneno yake hayakuandikwa, na jina lake halikuandikwa. Katika wanawake wote walioshona leso sita sita, hakuna hata mmoja tunayeweza leo kumtaja.

Nguo zilizopita pwani zilifika na huku kwetu. Misafara iliyokatiza Ugogo iliwalipa watemi hongo, maana maji yalikuwa adimu na visima vilikuwa vya wenyeji, na malipo yenyewe yalikuwa hasa nguo, kama merikani na kaniki. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, nguo za madukani zikaja kwa mabehewa. Hivi kanga iliyo mbele yenu ina ukoo mrefu, na mwanzo wa ukoo huo ni sindano na uzi.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka Marekani, tukamtazame mshonaji mwingine ambaye habari zake hazikupotea. Kwanza neno moja. Kuna nguo ya kujifunika iitwayo mfarishi. Hutengenezwa kwa nguo mbili, moja juu na moja chini, na katikati hutiwa pamba, kisha zote hushonwa pamoja ili pamba isihame. Upande wa juu mara nyingi huwa wa viraka vya rangi mbalimbali. Ni nguo ya baridi. Na mtu aliyelala Dodoma usiku wa mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa faida yake.

Bibi Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, naye alizaliwa mtumwa. Utumwa ulipokwisha, yeye na mumewe walilima shamba lao dogo. Bibi huyu alishona mfarishi ambao viraka vyake vilikuwa vimekatwa kwa umbo la watu, wanyama, jua na nyota, vikabandikwa kwa sindano juu ya nguo. Kila chumba cha mfarishi kilikuwa hadithi ya Biblia: Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande 30 vya fedha. Wataalamu wameufananisha ushonaji huo na vitambaa vya Abomey, katika nchi ya Benin.

Mwaka 1886 aliuonyesha mfarishi wake katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens, huko huko Georgia. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Bibi Jennie Smith, aliuona akataka kuununua. Bibi Powers alikataa kabisa. Lakini miaka michache baadaye maisha yakawa magumu. Akaja kwa gari la ng'ombe, mfarishi ameupakata, umefungwa katika mfuko safi wa unga na juu yake gunia. Alitaka dola 10, akapewa 5.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Dola 5 zilikwisha, kama fedha zote zinavyokwisha. Lakini kabla ya kuuacha mfarishi, Bibi Powers alieleza chumba kimoja kimoja: huyu ni nani, hili ni jua au mwezi, kwa nini hapa pana nyoka. Bibi Smith akayaandika maelezo yale. Akaandika pia kwamba mshonaji alirudi mara kadhaa kuitembelea kazi yake. Hakurudi kudai fedha. Alirudi kuitazama tu, kama mama anavyokwenda kumtazama binti aliyeolewa mji mwingine.

Barua yake ya mwaka 1896 inaeleza jinsi alivyojifunza kusoma, na inataja mifarishi mingine aliyoishona. Mmoja tunao mpaka leo. Ndani yake, pamoja na hadithi za Biblia, mna nyota zilizoanguka usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, yaani miaka minne kabla yeye hajazaliwa. Bila shaka wazee walimsimulia. Mna pia nguruwe jike aitwaye Betts, aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia mpaka Virginia. Bila maelezo yaliyoandikwa, tungeona nguruwe tu. Kwa maandishi, tunajua hata jina la nguruwe! Bibi Powers alifariki mwaka 1910. Mfarishi wa kwanza umo katika nyumba ya makumbusho ya taifa mjini Washington, na wa pili uko Boston. Picha zake zimepigwa chapa katika vitabu vingi, na chini ya kila picha jina lake limo.

Usidhani kwamba jina peke yake linamaliza mambo yote. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama. Walikuwa wameishona kwa vipande vya nguo kuukuu za kazi, ili kuwafunika watoto wao. Picha ya kiraka cha suruali ya shamba ikabandikwa juu ya barua! Furaha kama hiyo ni kubwa. Lakini mwaka 2007 baadhi ya wanawake wale walikwenda mahakamani, wakidai kwamba hawakupata haki yao katika mali iliyouzwa kutokana na kazi zao. Kesi zikaisha kwa mapatano mwaka 2008. Kwa hiyo furaha ni jambo moja, na mapatano ni jambo la pili, nayo huandikwa kabla ya kazi kutoka nyumbani.

Labda mama mmoja anasema moyoni, "Mimi si Mmarekani, mimi nadarizi mashuka tu." Lakini shuka la kudarizi ni kazi ya kubuni, na kitambaa cha meza cha kufuma ni kazi ya kubuni. Katika madarasa nimepata kuona mtu mzima akionyeshwa kwa mara ya kwanza kazi yake katika gazeti. Kwanza hasemi kitu. Hulishika gazeti mbali, kisha karibu. Hulitafuta jina lake kwa kidole, herufi kwa herufi, hata kama picha ameshaitambua. Halafu huuliza kama gazeti hilo limefika na Singida. Jioni limekwisha kunjwa na kutiwa ndani ya sanduku, pamoja na vyeti vya watoto. Huyo humwambii tena kwamba kusoma ni kwa vijana.

Sheria yetu nayo inamjua mtu huyo. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Kazi uliyoibuni wewe mwenyewe, hata ikiwa ya mikono, hulindwa tangu siku ulipoitengeneza. Hukosi haki kwa sababu hukuiandikisha, ingawa kuiandikisha Cosota husaidia ukitakiwa kutoa ushahidi. Mwenye kutaka kuipiga chapa hana budi kupata ruhusa yako, na wewe una haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyeibuni. Tahadhari moja: ua ambalo bibi zetu wote walilidarizi si lako peke yako. Lako ni lile ulilolitoa katika kichwa chako.

Hapa Ugogo mnaye mfano wa karibu, ingawa yeye alikuwa mtu wa ngoma na ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliimba nyimbo zilizotiwa katika sahani na kuuzwa nchi za mbali. Zimeandikwa jina lake, na mtu wa Ulaya asiyejua neno moja la Kigogo analisoma.

Basi mtu akija nyumbani kwako akasema, "Mama, kazi yako ni nzuri, nataka niipige picha tuitie kitabuni," usikatae kwa hofu, wala usikubali kwa furaha peke yake. Mwulize kitabu gani, nakala ngapi, malipo yapi, na jina lako litaandikwa wapi. Yaandikwe yote katika karatasi mbili, moja yake na moja yako. Yasome mwenyewe, pole pole. Akikuharakisha, mwambie arudi kesho. Kisha weka sahihi yako. Wino wa dole gumba umekwisha kuuaga.

Sasa kazi ya juma hili. Kila mmoja alete kitu alichokitengeneza kwa mkono: shuka, kitambaa, kikapu, kibuyu kilichopambwa, hata mpini wa jembe kama umechongwa kwa ufundi. Aandike katika daftari mistari mitano: nimetengeneza nini, kwa vitu gani, mwaka gani, wazo nililitoa wapi, na sehemu hii ina maana gani. Wenye nguo watarizi majina yao upande wa nyuma, katika pembe, kwa uzi wa rangi nyingine, pamoja na mwaka. Aandike kwanza kwa penseli ili herufi zisipande na kushuka. Wanaume wasicheke, nao pia watashika sindano. Tutaonana juma lijalo, saa ile ile.