Muundo wa Tasnifu ya Uzamili ya Tiba na Hatima ya Takwimu za Hospitali: Mifano kutoka Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Sehemu kubwa ya tasnifu za uzamili za tiba katika Afrika Mashariki hutegemea takwimu zilizokwisha kuandikwa katika rejista na majalada ya hospitali. Makala haya yanaeleza jinsi mpangilio wa tasnifu unavyoamua iwapo takwimu hizo zitamfaa mtunga sera au zitabaki kuwa mali ya maktaba. Kwa kutumia mifano ya Gitega na Muyinga, tunadai kwamba maelezo ya mahali pa utafiti na ya chanzo cha data yanastahili kupewa sura yake, na kwamba sura hiyo ipate nafasi kwa kupunguza mambo ya jumla kuhusu ugonjwa. Aidha, tunajadili lugha ya fomu za ridhaa, uandishi wa tarakimu na namna ya kuandika mapendekezo.

Istilahi za msingi: tasnifu, rejista, mahali pa utafiti, ridhaa, mapendekezo

1.0 Utangulizi

Mshauri wa sera anapoifungua tasnifu ya tiba, ni nadra aanze na ukurasa wa kwanza. Husoma ikisiri, akaruka hadi kwenye jedwali linalohusu swali lake, kisha akarudi nyuma kutafuta mambo mawili: wagonjwa hawa walitoka wapi, na walihesabiwaje. Asipoyapata ndani ya dakika chache, huifunga. Kazi ya miaka miwili au mitatu hufungwa pamoja nayo.

Mwanafunzi huelezwa mengi kuhusu ukubwa wa herufi, upana wa pambizo na nafasi kati ya mistari. Mambo hayo yana umuhimu wake, na kila chuo kina mwongozo wake, hatutayarudia. Yanayotuhusu hapa ni yale ya umbo ambayo mwongozo huyagusa kwa sentensi moja ilhali ndiyo yanayobeba ushahidi.

2.0 Miundo miwili inayokutana Burundi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 ikiwa na mapokeo ya kitaaluma yaliyotokana na mfumo wa Kifaransa na Kibelgiji. Katika mapokeo hayo, tasnifu ya tiba huanza kwa kurasa za tabaruku na shukrani, ambamo mara nyingi kila mjumbe wa jopo la watahini hupewa aya yake. Hufuata sura ndefu ya mambo ya jumla: anatomia ya kiungo, fiziolojia, historia ya ugonjwa, dalili, vipimo na tiba. Ndipo huja mahali pa utafiti, mbinu, matokeo, mjadala na mapendekezo. Katika nchi jirani zinazofuata mapokeo ya Kiingereza, tasnifu huanza na usuli wa tatizo, ikaendelea na mapitio ya maandiko, kisha mbinu na kadhalika.

Miundo yote miwili imeguswa na umbo la makala ya jarida la tiba lenye sehemu nne: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Umbo hilo si la kale kama wengi wanavyodhani. Sollaci na Pereira (2004), waliochunguza majarida manne makubwa ya tiba kati ya 1935 na 1985, walionyesha kwamba lilianza kuonekana katika miaka ya 1940, likatawala katika miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1980 likawa ndilo pekee katika makala za utafiti. Mwaka 1978 wahariri waliokutana Vancouver walikubaliana juu ya masharti ya pamoja ya miswada, na mtindo wa kurejelea kwa namba unaotumika hadi leo ukapewa jina la mji huo.

Tatizo hutokea pale mwanafunzi anapounganisha mapokeo haya bila kuamua. Hubaki na sura ya jumla yenye kurasa thelathini au arobaini zilizokusanywa kutoka vitabu vya kiada, kisha mbinu za kurasa tatu zilizobanwa kwa mfano wa makala ya jarida. Matokeo yake ni kwamba msomaji anaelezwa kwa kirefu kile anachoweza kukisoma popote, na kwa ufupi kile ambacho hakipatikani pengine popote duniani isipokuwa katika rejista ile ya hospitali ile. Kwa maoni yetu uwiano huo unapaswa kugeuzwa.

3.0 Gitega: ni nani anayefika hospitalini?

Fistula ya uzazi, yaani tundu linalotokea kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo baada ya uchungu wa muda mrefu uliokwama, ni mfano unaofaa. Mwaka 2010 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua Gitega kituo kilichoitwa Urumuri, neno la Kirundi lenye maana ya nuru, kwa ajili ya kuwatibu bila malipo wanawake wenye fistula. Wanawake walifika hapo kutoka pande mbalimbali za nchi.

Tuseme sasa kwamba mwanafunzi amepitia majalada ya kituo cha namna hiyo na kuandika kwamba, kati ya wagonjwa 200, 120 walijifungulia nyumbani. (Tarakimu hizi ni za kubuni, kwa ajili ya maelezo tu.) Asilimia 60 hiyo ni sahihi kihesabu. Lakini ni asilimia 60 ya nani? Si ya wanawake wa Gitega, kwa kuwa wengi si wakazi wa Gitega. Si ya wanawake wote wenye fistula nchini, kwa kuwa wapo wasiosikia habari za kituo, waliokosa nauli, na waliofichwa na familia zao. Ni asilimia ya wale waliofika. Wanahisabati huiita idadi inayokaa chini ya mstari wa sehemu asili, na asili ya asilimia hii ni mlango wa kituo wenyewe.

Hivyo basi, sura ya mahali pa utafiti isiishie kwenye idadi ya vitanda, jina la barabara na urefu wa mji kutoka usawa wa bahari. Ieleze wagonjwa hupelekwa kituoni kwa njia gani, nani hulipa usafiri, matibabu yanagharimu nini, na ni hospitali gani nyingine hutoa huduma ileile. Ikiwezekana iwekwe ramani inayoonyesha idadi ya wagonjwa kwa kila wilaya ya afya. Mchoro mmoja wa kutiririsha idadi, unaoanza na majalada yote ya kipindi husika, ukaonyesha yaliyopotea, yasiyokamilika na yaliyoondolewa kwa sababu zilizotajwa, una thamani kuliko aya tano za maelezo. Mwongozo wa STROBE, uliochapishwa mwaka 2007 kwa ajili ya tafiti za uchunguzi, unadai idadi hizo zitolewe kwa kila hatua.

Majalada yaliyopotea yanahitaji neno la ziada. Wanafunzi wengi huyaona kuwa aibu na huyapitia kimya. Kwa msomaji wa sera, kwamba theluthi ya majalada ya mwaka fulani hayakuonekana ni matokeo kamili ya utafiti, tena huenda ndiyo matokeo ambayo hospitali inaweza kuyafanyia kazi mapema zaidi.

4.0 Muyinga: rejista ina tarehe na mipaka

Muyinga iko kaskazini-mashariki, mpakani na Tanzania, na mizigo na watu hupita katika kituo cha Kobero. Malaria ni ugonjwa wa kila siku katika eneo hilo, na rejista za malaria huwavutia wanafunzi kwa wingi wa idadi zake. Wingi huo una hatari yake.

Kwanza, miaka haifanani. Kati ya 2000 na 2001 Burundi ilikumbwa na mlipuko ulioripotiwa kuwa na wagonjwa takriban milioni 3. Mwaka 2003 nchi ilibadili tiba ya kwanza ya malaria na kuchukua mchanganyiko wa atesunate na amodiakwini. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko mwingine. Mei 2006 huduma kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua zilifanywa kuwa bila malipo, na mwaka 2010 malipo ya vituo vya afya kwa kuzingatia matokeo yalienezwa nchi nzima. Badiliko hili la mwisho lina athari ambayo tasnifu nyingi haziitaji: pale fedha zinapofuata kile kilichoandikwa na kuhakikiwa katika rejista, rejista huandikwa vizuri zaidi. Mstari wa grafu unaopanda baada ya 2010 unaweza kuwa ni ugonjwa, unaweza kuwa ni kalamu. Sura ya mbinu inapaswa kuwa na jedwali dogo la matukio ya sera yaliyoangukia ndani ya kipindi cha utafiti, na kila grafu ya mwenendo iwekewe alama katika miaka hiyo.

Pili, jina la mahali hubadilika. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa kuwa 5. Muyinga ikaingia pamoja na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa wa Buhumuza, na mkoa mpya wa Gitega ukameza Karusi, Muramvya na Mwaro. Tasnifu inayosema "mkoa wa Gitega" bila kutaja mwaka inaweza kuwa inazungumzia maeneo mawili yenye idadi tofauti kabisa za watu. Sentensi moja katika sura ya mahali pa utafiti, ikirudiwa chini ya kila jedwali lenye viwango, huzuia kosa ambalo mhakiki wa miaka kumi ijayo hataweza kulisahihisha.

Tatu, anwani. Mrundi hutaja mlima wake. Rejista huandika mlima, au tarafa tu, au haiandiki chochote. Mgonjwa aliyevuka mpaka kutoka upande wa Ngara anaweza kuwa ameandikwa kwa anwani ya ndugu aliyempokea. Mwandishi aseme ni safu ipi ya rejista aliyoitumia na ni mara ngapi aliikuta tupu.

Undani huu una kikomo. Umri wa miaka 16, mlima fulani, ugonjwa adimu na mwezi wa kulazwa vinatosha kumtambulisha mtu kwa majirani zake wote. Katika majedwali ya maeneo madogo, visanduku vyenye wagonjwa wachache sana viunganishwe, na jambo hilo litajwe katika tanbihi ya jedwali.

5.0 Lugha ambayo mgonjwa aliisikia

Katika viambatisho vya tasnifu nyingi tunakuta fomu ya ridhaa na hojaji kwa Kifaransa pekee. Mgonjwa wa Gitega alizungumziwa kwa Kirundi. Huko Muyinga mjini, miongoni mwa wafanyabiashara na jamii ya Waislamu, au kwa wakimbizi wa Kikongo wa kambi ya Kinama huko Gasorwe, huenda alizungumziwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo maneno yaliyoidhinishwa na kamati ya maadili na kuhifadhiwa maktabani ni maneno ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuyasikia. Tunaliona hili kuwa kasoro nzito kuliko pambizo mbovu, ingawa pambizo ndiyo inayomrudisha mwanafunzi kwa mchapaji.

Suala si la heshima kwa lugha tu. Neno la Kiswahili homa humaanisha joto la mwili, na kwa wasemaji wengi humaanisha malaria yenyewe. Tafiti zilizofanyika Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wazazi wengi hawakuhusisha degedege ya mtoto na malaria; waliuona kuwa ugonjwa mwingine wenye chanzo kingine na tiba nyingine. Mtafiti anayeuliza "Je, mtoto aliwahi kuugua malaria?" na yule anayeuliza "Je, mtoto alipata homa au degedege?" watakusanya data mbili tofauti, na tafsiri ya Kifaransa katika kiambatisho haitaonyesha ni swali lipi lililoulizwa. Kila hojaji iwekwe katika lugha iliyotumika, na tafsiri iwe kando yake katika safu ya pili.

6.0 Tarakimu na majedwali

Katika uandishi wa Kifaransa mkato hutenga desimali. Katika uandishi wa Kiingereza hutenga maelfu. Kwa hiyo "1,500" ni moja na nusu kwa msomaji mmoja na elfu moja na mia tano kwa mwingine. Katika jedwali la dozi au la gharama, tofauti hiyo si ndogo. Tasnifu ya Burundi inayotarajiwa kusomwa Kampala au Dar es Salaam ichague kanuni moja, iitaje katika orodha ya vifupisho na alama, kisha ihakikishe kwamba programu ya takwimu na ile ya uandishi zimewekwa kwa kanuni hiyohiyo. Makosa mengi huingia wakati wa kunakili kutoka programu moja kwenda nyingine.

Kila asilimia iambatane na idadi yake. Jedwali lijitegemee: kichwa chake kitaje nani, wapi na lini, nalo liweze kung'olewa kwenye tasnifu na bado lieleweke, kwa sababu ndivyo litakavyosafiri.

7.0 Mapendekezo na ikisiri ya Kiswahili

Sura ya mapendekezo ndiyo mshauri wa sera huifikia akiwa na matumaini, na ndiyo humvunja moyo zaidi. "Serikali iongeze bajeti ya afya" na "jamii ielimishwe" ni sentensi zinazoweza kuandikwa bila utafiti wowote. Tunashauri kila pendekezo lifuatwe na namba ya jedwali linalolitegemeza na cheo cha anayeweza kulitekeleza: daktari mkuu wa wilaya ya afya, msimamizi wa wodi ya wazazi, mtunza kumbukumbu wa hospitali, au idara fulani ya wizara. Pendekezo lisilo na jedwali liondolewe. Wanafunzi watalalamika kwamba sura itabaki na mapendekezo mawili. Mawili yanatosha.

Kuhusu ikisiri, tasnifu za Burundi kwa kawaida huwa nayo kwa Kifaransa, na mara nyingi kwa Kiingereza. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili hufundishwa katika shule za Burundi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye swali, mahali, kipindi, idadi ya wagonjwa, tokeo kuu na pendekezo, ungeweza kusomwa na mganga wa Ngara anayewapokea wagonjwa walewale wa Muyinga kutoka upande wa pili wa mpaka. Uandikwe na mwanafunzi mwenyewe kutokana na majedwali yake, si kwa kutafsiri ikisiri ya Kifaransa, na usomwe na mhudumu wa afya anayezungumza Kiswahili kabla ya tasnifu kupelekwa kwa mjalidi.