Tarakilishi za Chama cha Wanafunzi na Uhifadhi wa Lugha: Mfano wa Lysator

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tarakilishi zinazosimamiwa na chama cha wanafunzi zinavyoweza kuwa hazina ya lugha. Mfano wetu ni Lysator, chama cha tarakilishi cha wanafunzi wa Linköping, nchini Uswidi, kilichoanzishwa mwaka 1973.

Tarakilishi ya kwanza ya chama hicho ilikuwa Datasaab D21, iliyobuniwa na kampuni ya Saab katika mji huo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati ilipofika mikononi mwa wanafunzi. Hata hivyo, waliweza kuiendesha na kuichunguza wenyewe, na huo ndio msingi wa vyama vya namna hii.

Kwa kawaida chama huwa na seva, yaani tarakilishi iwashwayo usiku na mchana ili kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kila mwanachama hupewa jina la kuingilia, neno la siri na nafasi ya kuhifadhia maandishi yake. Aweza kuandika programu, kupokea barua, au kuweka kurasa zisomwe popote kwa njia ya intaneti. Wanachama wachache waliokabidhiwa dhamana huutunza mtambo na kuweka nakala za yaliyomo.

Je, mambo haya yanamhusu vipi mwanaisimu? Mwaka 1992 ulianzishwa katika Lysator Mradi wa Runeberg, uliopewa jina la mshairi Johan Ludvig Runeberg. Lengo lake ni kuwapatia wasomaji bila malipo vitabu vya kale vya lugha za Ulaya ya Kaskazini. Miongoni mwavyo imo ensaiklopidia ya Nordisk familjebok, ambayo toleo lake la pili, la 1904 hadi 1926, lina juzuu 38. Picha ya ukurasa huwekwa pamoja na maandishi yaliyosomwa na mashine, na msomaji aonaye kosa huweza kulisahihisha.

Aidha, lipo suala la herufi. Kiswidi kina å, ä na ö, ambazo hazimo katika mpangilio wa Kimarekani uitwao ASCII. Kwa muda mrefu Waswidi walilazimika kuziweka mahali pa alama nyingine, kama vile mabano. Kiswahili sanifu hakina taabu hiyo, lakini Kikuyu na Kikamba, zenye ĩ na ũ, zinayo. Ni dhahiri kwamba mwenye lugha akiwa ndiye mtunzaji wa mtambo, kasoro kama hiyo haitapuuzwa.

Katika idara zetu, tasnifu, kanda za masimulizi na magazeti ya zamani huchakaa makabatini. Mwanafunzi wa tarakilishi anao ujuzi wa seva. Mwanafunzi wa lugha anao ujuzi wa matini. Hapana budi wakutanishwe.

Hata hivyo, tahadhari moja yafaa itolewe. Wanafunzi huhitimu na kwenda zao. Seva isiyo na mrithi huzimwa siku moja, na maandishi hutoweka nayo. Kwa hiyo idara itakayokabidhi matini zake kwa chama cha wanafunzi haina budi kuhakikisha mambo mawili: kwamba nakala nyingine imewekwa maktabani, na kwamba kila mwaka anayeondoka amemfundisha anayeingia. Mashine kuukuu hubadilishwa. Matini iliyopotea haina badala yake.