Kliniki ya jamii ikikopa, nani hulipa?

KWA miaka mingi zahanati za makanisa, misikiti na vikundi vya kujitolea zimetegemea njia mbili za kupata fedha: harambee na wafadhili wa ng'ambo. Njia hizo sasa zimedhoofika. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefunga kazi. Miradi mingi ya afya humu nchini iliachwa mikono mitupu.

Ndiyo sababu kamati nyingi za zahanati zinaelezwa habari za "uwekezaji wa kijamii". Je, ni kitu gani?

Msaada haurudishwi. Mkopo wa kawaida wa benki hurudishwa na riba, na benki haiulizi ni wagonjwa wangapi waliotibiwa. Uwekezaji wa kijamii uko katikati ya hayo mawili. Mwenye fedha anataka kurudishiwa, aghalabu kwa riba nafuu au kwa muda mrefu zaidi, na pia anataka kuonyeshwa faida ambayo jamii imepata. Fedha zikirudi, hukopeshwa kliniki nyingine.

Wazo hili si geni. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakaunga mkono mpango wa wananchi kupewa akiba ya kwanza ya dawa, kuziuza kwa bei nafuu na kutumia mapato kununua nyingine. Penye usimamizi mzuri, dawa zilipatikana. Penye usimamizi mbaya, mtaji uliyeyuka, na maskini wasio na senti walirudi nyumbani bila tiba.

Mfano wa karibu zaidi ni Medical Credit Fund, mfuko ulioanzishwa mwaka 2009 na shirika la PharmAccess la Uholanzi. Benki zilikuwa zikiogopa kliniki ndogo kwa kuwa nyingi hazikuwa na hatimiliki ya ardhi wala vitabu vya hesabu. Mfuko huo ulikubali kubeba sehemu ya hasara pamoja na benki, na kliniki nayo ikasaidiwa kuinua ubora wa huduma zake. Isitoshe, tangu mwaka 2017 sheria ya Kenya imerahisisha kuweka rehani mali inayohamishika, kama vile mashine.

HESABU KWANZA

Tuseme kliniki inataka mashine ya altrasaundi ya Sh1.2 milioni kwa ajili ya kina mama wajawazito. Ikikopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa salio, italipa karibu Sh60,000 kila mwezi kwa miaka miwili. Kwa riba ya asilimia 10 italipa kama Sh55,400. Ikiwa kila picha inabakisha Sh1,000 baada ya gharama za umeme, vifaa na mhudumu, basi mkopo wa kwanza unahitaji wagonjwa 60 kwa mwezi. Je, kina mama 60 wanaohitaji kipimo hicho wapo? Kama ni 25 tu, riba nafuu haitaiokoa kliniki hiyo.

Hapa ndipo mgonjwa huingia hatarini. Kliniki iliyolemewa na deni hushawishika kuagiza vipimo visivyohitajika, au kupandisha ada hadi mchuuzi wa mboga aone heri abaki na homa yake nyumbani. Deni la kliniki likiwa zito, mgonjwa ndiye hulipa.

Kadhalika, kuna huduma zisizofaa kugharimiwa kwa mkopo. Chanjo za watoto na dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na ndivyo inavyopasa. Hazileti mapato ya kulipia deni. Hizo ni kazi ya serikali na wafadhili.

MASWALI YA KUULIZA

Ikiwa wewe ni mwanakamati wa zahanati, uliza haya kabla ya sahihi kutiwa:

1. Mkopo ni wa shilingi au wa dola? Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu Sh123, na Januari 2024 ikapita Sh160. Deni la dola 50,000 lilitoka Sh6.15 milioni hadi Sh8 milioni bila kliniki kukopa hata senti moja zaidi.

2. Bima ikichelewa, tutalipa na nini? Malalamiko kuhusu malipo kuchelewa yalikuwapo enzi za NHIF, na hayakwisha SHA iliposhika nafasi yake Oktoba 2024. Wekeni akiba ya angalau miezi mitatu ya marejesho.

3. Riba inahesabiwa kwa salio au kwa mkopo wote wa mwanzo? Tofauti yake ni kubwa.

4. Tukishindwa, kinachochukuliwa ni nini? Mashine tu, au hata jengo lililojengwa kwa harambee?

5. Wasiojiweza watatibiwa vipi? Fungu lao liandikwe katika bajeti.

Mkopo ni kama dawa kali: hufaa ugonjwa wake, kwa kipimo chake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kamati isiyoweza kujibu maswali haya matano kwa tarakimu na isubiri kwanza.