Akili za Kukaa na Watu



Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini sisi hupenda kuzipima kwa kitabu tu. Mtoto akiwa wa kwanza darasani, twasema, "Huyu ana akili." Hatuulizi kama anajua kucheza na wenzake. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Howard Gardner, aliandika kwamba akili ni za namna nyingi, na mojawapo ni ile ya kuwaelewa watu wengine.

Tazameni jambo lililotokea huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya. Watu wengi walikufa, na hata sokoni mama wa ukoo huu alikataa kumwuzia mama wa ukoo ule. Ndipo kina mama wachache wa koo mbalimbali wakakutana, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi. Walianza na soko, kwa maana kila nyumba yahitaji chakula. Wakaweka watu wa kuliangalia, ili kila mama auze na kununua bila kuzuiwa. Kisha wakawaendea wazee. Na kwa kuwa koo kubwa zilishukiana, wazee wa koo ndogo, ambao hawakuogopwa na mtu, ndio walioombwa kusimamia mazungumzo. Mwezi wa Septemba 1993 wazee wakakubaliana Azimio la Al-Fatah.

Je, hizo si akili? Kina mama wale walijua kila mmoja anahitaji nini na anaogopa nini, wakaanzia hapo. Mfalme Sulemani naye, baada ya kuomba hekima, kazi ya kwanza tunayosimuliwa ni kumtambua mama wa kweli kati ya wanawake wawili. Aliusoma moyo wa mtu.

Sasa, wewe mwalimu, karani au mwuguzi uliyehamishiwa huku, cheti unacho. Je, umejifunza hata salamu ya Kisomali ya jirani yako? Bila hiyo, elimu yako itabaki ofisini, na watu watakuja kwako kwa shida tu.

Na wewe mzazi mwenye mtoto mwerevu asiye na rafiki, usidhani kwamba werevu wake ndio unaomtenga. Kukaa na watu hufundishwa kama hesabu. Mfundishe kuuliza na kungoja jibu, kushindwa mchezo bila kununa, na kutomsahihisha mwenzake mbele ya watu. Asipojua leo, atajua kesho, mradi akuone wewe ukifanya vivyo hivyo.

Basi leo, kabla ya kufunga mlango, mwulize jirani mmoja habari zake, nawe umsikilize mpaka mwisho.

Mungu awabariki.