Mama wa Muleba aliyetumwa Zimbabwe

Hapa Bugomora tukisikia "Umoja wa Mataifa" tunaona ni mambo ya mbali. Kumbe mtu wa mkoa wetu wa Kagera amewahi kuwa mkubwa huko. Ni Profesa Anna Tibaijuka, aliyezaliwa Muleba mwaka 1950. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo.

Mama huyu ni mchumi wa kilimo. Maana yake, amesomea jinsi mkulima anavyopata mali na jinsi anavyoipoteza. Udaktari wa elimu hiyo aliupata Uswidi. Kisha alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2000 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alimpa kuongoza shirika la makazi ya watu, lililoko Nairobi.

Basi, mwezi Mei 2005 serikali ya Zimbabwe ilianza kubomoa nyumba na vibanda vya biashara mijini. Ilisema vimejengwa bila kibali. Kule ulikuwa wakati wa baridi, na watu wakalala nje na watoto. Annan akamtuma Mama Tibaijuka akaone kwa macho yake.

Kazi ngumu hiyo! Rais Robert Mugabe alisifika kwa kupigania uhuru. Wapiganaji wa chama chake walifunzwa hapa kwetu, Mgagao, Iringa. Ukimsema mtu kama huyo, utaambiwa umetumwa na wazungu.

Mama alikaa kama wiki mbili, akazungumza na wakubwa na waliobomolewa. Mwezi Julai taarifa yake ikatoka. Watu kama 700,000 walikuwa wamepoteza nyumba, au riziki, au vyote viwili. Sisi tunaona hapo ndipo uchumi wake ulipoonekana: hakuhesabu kuta tu. Genge la nyanya likivunjwa, na karo ya mtoto imekwenda.

Taarifa ilisema ubomoaji ule haukuwa wa haki, na waliohusika washtakiwe. Tena ilisema sheria za ujenzi zilizotumika zilitoka kwa mkoloni. Serikali ya Zimbabwe ilikasirika, ikasema taarifa ina upendeleo.

Mwaka 2010 alirudi nyumbani. Akachaguliwa mbunge wa Muleba Kusini, akawa waziri wa ardhi. Desemba 2014 Rais Kikwete alimwondoa uwaziri kwa ajili ya fedha zilizohusishwa na akaunti ya Tegeta Escrow. Mwenyewe alisema zilikuwa mchango wa shule ya wasichana. Ubunge aliendelea nao mpaka mwaka 2020.