Bei Ilishuka, Deni Halikushuka

Pwani ya Bagamoyo, kuelekea Saadani na Pangani, ina minazi mingi. Zamani nazi ilikuwa chakula, tena ilikuwa fedha. Watu walipasua nazi, wakazikausha kwa jua au kwa moto, wakapata mbata. Mbata zilipelekwa ng'ambo kutengenezwa mafuta na sabuni.

Miaka ile maduka mengi yalikuwa ya Wahindi. Duka la kijijini lilikuwa dogo, kando ya njia. Liliuza chumvi, sukari, viberiti, mafuta ya taa na kanga. Watu walinunua kidogo kidogo, kwa kibaba na kwa senti zenye tundu katikati. Duka hilo hilo lilinunua mbata. Asiyekuwa na fedha alikopa, akaahidi kulipa kwa mbata. Mwenye duka naye alikopa bidhaa kwa matajiri wa Dar es Salaam au Unguja.

Mwezi wa Oktoba 1929, biashara ya hisa ilianguka mjini New York, Marekani. Viwanda vingi vya Marekani na Ulaya vikapunguza kazi. Vikanunua mkonge, pamba na mbata chache. Bei zikaanguka Tanganyika pia. Mtu wa Bagamoyo hakuijua New York, lakini shida ya huko ilimfika mlangoni.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ana deni la shilingi 8. Frasila moja ya mbata ni shilingi 4. Atalipa kwa frasila 2. Bei ikishuka hadi shilingi 2, atatoa frasila 4. Deni ni lile lile, lakini jasho ni mara mbili. Na kodi ya serikali ya Kiingereza bado inamngoja.

Je, deni lenyewe lilikuwa sahihi? Mkopaji angejuaje? Watu wengi hawakujua kusoma. Wengine walisoma herufi za Kiarabu, kwa sababu walipitia chuoni. Lakini daftari la duka mara nyingi liliandikwa Kigujarati. Mwenye duka akiwa mwaminifu au mdanganyifu, mkopaji alitegemea kinywa chake tu.

Mwaka 1931 serikali ilitunga sheria kali ya mikopo. Mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani, ila kama mkopo uliidhinishwa na ofisa wa serikali. Sheria hiyo ilimkinga mkulima. Lakini ilimfungia njia Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake. Wenye bidhaa za jumla waliogopa kumkopesha. Na mkulima mwenye shida aliendelea kukopa kwa kuaminiana, bila karatasi.

Leo wewe unajua kusoma na kuandika. Ukikopa, andika katika daftari lako siku, kitu, kiasi na bei. Mwenye duka aandike lake. Kila mwezi yalinganisheni madaftari yenu mawili. Kabla ya kuahidi kulipa kwa mavuno, jiulize: bei ikishuka nusu, nitaweza? Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI
1. Mbata hupatikanaje?
2. Kwa nini bei ya mbata ilishuka baada ya 1929?
3. Sheria ya 1931 ilisaidia nani? Ilimzuia nani?
4. Deni ni shilingi 12. Bei ya frasila imeshuka kutoka shilingi 4 hadi 3. Utatoa frasila ngapi zaidi?